Mtoto Aliyeokotwa Chini ya Mukau

Mwanangu Mukau,

Umeenda Masii kusukwa nywele, na yule msusi wako namjua, mkono wake ni wa polepole na mdomo ni wa haraka. Kwa hivyo niko na saa mbili, labda tatu. Maharagwe yako motoni. Ndugu yako Kioko nimemtuma dukani akalete kiberiti, na viberiti viko vitatu hapa, lakini nilitaka nyumba iwe kimya. Naandika nyuma ya daftari la chama cha kina mama, ambako kurasa bado ni nyeupe. Ningeandika Kikamba, lakini wewe Kikamba unaongea tu, kukisoma unakwama. Ukiona mistari imepinda, ni kwa sababu naandikia gotini.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji ya kunywa, wala ya wanaume, wala ya kufunga mlango. Hayo nimesema mpaka ukaniambia, "Mama, hiyo ulisema asubuhi." Wewe ni nesi sasa, unaenda kuanza kazi Lodwar, utanifundisha mimi. Hii barua ni ya kitu kimoja ambacho nimejaribu kukuambia kwa mdomo tangu Jumapili. Mara nne nimejaribu. Kila nikifika mahali penyewe, mdomo unageuka na kukuuliza kama umekula. Jana ukasema, "Mama, nimekula mara tatu, kwani unataka niingie Lodwar nikibingirika?" Tukacheka. Halafu nikaenda nyuma ya jikoni nikasimama huko peke yangu.

Ni habari ya jina lako.

Jumapili tukichambua maharagwe ulisema bila kuinua kichwa, "Nikifika huko nitakuwa Faith Wambua, basi. Hiyo Mukau nitaenda ofisini waitoe kwa kitambulisho. Chuoni wameniita Mbao miaka mitatu. Mbao, leta dawa. Mbao, umepigwa randa leo? Sitaki wagonjwa nao waanze."

Na mimi nikakujibu nini? Nikasema, "Haya maharagwe yako na mawe mengi."

Ulidhani sikusikia. Nilisikia kila neno. Lakini sikuwa na mdomo wa kukukataza, kwa sababu wewe si mtu wa kwanza kulitupa hilo jina. Wa kwanza ni mimi. Watu wa hapa walikuwa wakiniita Mama Mukau. Mimi ndiye niliyewaambia mmoja mmoja, kisimani, sokoni, kanisani, waniite Mama Faith. Ulikuwa hata hujaanza shule.

Unakumbuka ukiwa darasa la nne mwalimu aliwaambia mkaulize nyumbani maana ya majina yenu? Ulikuja mbio, kalamu mdomoni. Kwa wengine kazi ilikuwa nyepesi. Kioko wetu alizaliwa asubuhi, hilo ulilijua. Mutuku wa jirani alizaliwa usiku. Mumbua, mvua ilikuwa ikinyesha. Yule Kitheka mliyekaa naye dawati moja aliambiwa na babu yake kwamba jina lake ni kichaka, na asiulize zaidi. Ulilicheka sana hilo. "Mama, kichaka! Afadhali mimi mti." Kisha ukaniuliza kwa nini mti.

Nikakuambia mukau ni mti mgumu, mchwa hawaugusi, babu yako alikuwa akichonga mizinga ya nyuki kwa mbao zake, basi tukakupa jina hilo ili uwe na nguvu. Ukaandika yote, mwalimu akakupa alama zote. Niliyosema juu ya mti yalikuwa kweli. Juu yako yalikuwa uongo, Mukau. Na nilipoona ile alama ya vyema ya kalamu nyekundu nikasema moyoni, basi, imekwisha, hataniuliza tena.

Sasa kaa chini.

Wewe si mtoto wangu wa kwanza. Wewe ni wa tatu. Wa kwanza alikuwa mvulana, alikaa siku tisa. Wa pili msichana, alikaa miezi minne, na alikuwa ameanza kucheka akiona kuku. Wako pale nyuma ya mkonge, mahali nilipokuwa nikikukataza kuruka kamba, nawe ukidhani ni kwa sababu ya nyoka. Baba yako hawataji. Usidhani amesahau. Kila mvua zikikaribia yeye ndiye hung'oa magugu pale, na husema anatafutia mbuzi chakula.

Mimba yako sikumwambia mtu mpaka tumbo lilipojisemea lenyewe. Sikukushonea kitu. Sikufikiria jina. Kliniki nilienda, na nesi mmoja akaniuliza, "Wewe mama, mbona wenzako wanacheka na wewe umekunja uso?" Utawakuta kina mama kama mimi huko uendako. Yule asiyecheka hana dharau, na wala hakukosa furaha. Anaogopa furaha yake isije ikaonekana.

Ulizaliwa hapa nyumbani, ukalia kwa sauti kubwa, nikasema Mungu wangu, mbona anajitangaza hivi. Susu yako, mama ya baba yako, ambaye hukumkuta na akili zake zote, alikutazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu hakuzaliwa hapa. Huyu ataokotwa."

Kwa ukoo wa baba yako hiyo ilikuwa desturi. Mwanamke aliyezika watoto hakumpokea anayefuata kama wake. Siku ya nne, siku ya jina, alimpeleka nje alfajiri, akamweka chini ya mti au kwenye kichaka, akasema kwa sauti kwamba ametupa kitu asichokitaka, akaondoka. Halafu mwanamke mwingine, ambaye watoto wake wote wako hai, alipita kama kwa bahati, akamwokota. Mtoto akawa wa huyo aliyeokota. Mama alipewa tu alee. Na jina likawa la mahali alipookotwa. Nilikuja kujua baadaye kuna majina ya miti na vichaka katika nyumba nyingi hapa, na vijana hucheka, lakini angalia wazee. Wakisikia mtu mzima anaitwa hivyo, hunyamaza kidogo. Wanajua huyo nusura asikae.

Babu yake Kitheka hakukosa maana ya kumwambia mjukuu wake. Alikosa moyo, kama mimi.

Susu alichagua ule mukau ulio mpakani, karibu na boma la mbuzi, kati yetu na kwa jirani Kalunde, ambaye ndiye alikubali kukuokota. Nilimuuliza kwa nini si mwembe, kuna kivuli. Akasema mwembe ulipandwa na mtu, na mukau ule haukupandwa na mtu yeyote. Ni kweli. Mbegu ya mukau ukiizika kwa mkono wako inakataa, utamwagilia mpaka uchoke. Lakini mbuzi wanakula tunda, wanatema kokwa bomani, zinakanyagwa kwenye samadi, na siku moja unaamka unakuta mche umesimama mahali ambapo hakuna aliyeutarajia wala kuulilia. Susu akasema, "Hivyo ndivyo nataka huyu awe. Asionekane kama kuna mtu alimtaka sana."

Lakini nilikutaka, mwanangu. Hiyo ndiyo shida yote ya hii hadithi.

Niliambiwa mambo matatu. Nimweke mtoto kwenye ungo. Niseme yale maneno. Niende moja kwa moja mpaka jikoni, nifunge mlango, nisigeuke nyuma hata mara moja. Mama akigeuka, susu alisema, ni kama amesema bado ni wangu, na kile kilichowachukua wale wengine kitasikia.

Kulikuwa na baridi. Nilikuweka kwenye ungo umefungwa kwa leso yangu ya njano. Nikasema, "Nimetupa hiki kitu, sikitaki." Sauti haikutoka, nikarudia. Nikaanza kutembea. Kutoka pale mpaka jikoni unajua ni hatua ngapi, hata hamsini hazifiki. Nilipofika kwenye ghala nikageuka.

Nikaona mguu wako. Ulikuwa umetoka kwenye leso, unapiga hewa.

Nikajikaza, nikaenda kidogo, nikageuka tena. Kalunde alikuwa hajatokea. Tulikuwa tumekubaliana atoke mara tu nikigeuza mgongo, na yeye hayuko. Mara ya tatu nikaona mbwa. Alikuwa wa kwake Kalunde, alikuwa ametangulia, na alikuwa anaunusa ungo. Sikufikiria tena susu wala desturi wala kilichowachukua wengine. Nilianza kurudi. Nilipiga hatua nne au tano nikirudi kwako, mikono imenyooka mbele kama kipofu, na hapo ndipo Kalunde akatokea nyuma ya boma na mtungi wake wa maji. Akaniona. Tukaangaliana. Alinionyesha jikoni kwa kidevu tu, hivi, nenda.

Nikaenda. Na kutoka jikoni nikamsikia akianza. Huyo mama alizaliwa aigize! Aliangusha mtungi chini, akapiga kelele, "Aiyai! Nani ametupa mtoto hapa? Wenye mji huu, mtoto ni wa nani?" Watu wote kimya, kama inavyotakiwa. Akawageukia mbuzi. "Ni wenu? Wewe mwenye ndevu, ni wako?" Susu alikuwa amejificha kando ya nyumba, nikamsikia akinong'ona kwa hasira, "Kalunde, wacha mchezo, mtoto anapata baridi!" Naye akajibu kwa sauti kubwa zaidi, "Basi hata mbuzi wamemkataa! Nitamchukua mimi!"

Akaenda nawe kwake. Jua lilipochomoza akaja mlangoni akasema yale maneno: "Nimeokota mtoto chini ya mukau. Mimi niko na wangu sita. Nani atanilelea huyu?" Nikajibu nilivyofundishwa, "Mlete, nitamlea, lakini si wangu." Uliponifikia mikononi ulikuwa unanuka moshi wa jiko lake.

Ndiyo maana unaitwa Mukau. Haikuwa habari ya mbao, wala mizinga, wala nguvu.

Nimesimama kidogo kuongeza maji kwenye maharagwe. Kioko amerudi na kiberiti, nikamtuma tena alete chumvi. Ameniangalia kwa ajabu, lakini ameenda.

Ulipofika miezi minane ulishikwa na kifua. Tulilazwa Machakos na hukuwa unaweza kunyonya. Nilikaa nikihesabu zile mara tatu nilizogeuka. Kalunde alikuja, siku ya pili akaja tena, na akamwambia nesi wa zamu, "Angalia huyo vizuri, huyo ni wangu, nilimwokota mwenyewe," nesi akadhani amechanganyikiwa. Mimi nikamvuta pembeni nikamuuliza, "Ni kwa sababu niligeuka?" Akaniambia, "Uligeuka wapi? Mimi siku hiyo nilikuwa naangalia mbuzi." Mpaka susu anakufa, hakujua. Hakuna aliyejua ila Kalunde, na yeye aliamua hakuona.

Ulipona. Na mimi, badala ya kushukuru nikatulia, hofu yangu ikapata mahali pengine pa kukaa. Niliokoka mwaka ule. Kanisani kukahubiriwa juu ya mambo ya kale, kwamba ukiyafuata unamfungulia adui mlango. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo, walisema walichoamini. Lakini mimi nilisikia kana kwamba wananiangalia. Nikaanza kuogopa pande zote mbili. Nikilala naogopa kwa sababu niligeuka, nikiamka naogopa kwa sababu nilikuweka pale. Kwa hivyo nikaamua kuifuta siku ile yote. Nikaanza na jina.

Siku ya ubatizo wako Kalunde alikuja amevaa nguo yake nzuri, amebeba kiondo alichokusukia, kidogo, cha mistari miekundu. Alisimama pale langoni akaita, "Yuko wapi mtoto wangu?" Wageni wa kanisa walikuwa wamekaa hapo nje. Nikatoka haraka nikamzuia njiani. Nikamwambia kwa sauti ya chini, lakini walisikia, "Mama, huyu si mtoto wako. Tafadhali usimwite hivyo tena. Na hicho kiondo, rudi nacho."

Alikiangalia kile kiondo. Akauliza, "Nirudi nacho?" Nikasema ndiyo. Akageuka akaenda.

Hakunitukana, si siku ile wala nyingine. Tumekuwa tukisalimiana tu kwa ng'ambo ya ua. Lakini tangu siku ile, akitaka kujua hali yako, haniulizi mimi. Anauliza mbuzi. Umemsikia mara nyingi, ukadhani ni uzee. "Nyinyi, mtoto wa mukau amefaulu mtihani?" "Nyinyi, mtoto wa mukau amepona ile homa?" Anauliza kwa sauti, mimi niko upande huu nafua nguo, na mimi nawajibu mbuzi. "Amefaulu." "Amepona." Miaka yote hiyo.

Na wewe ulipouliza kwa nini yule mzee hukuita mtoto wake, nilikuambia akili zake zimechoka. Mtu mwenye akili kuliko sisi wote hapa! Ukaamini, kwa sababu ni mama amesema. Kisha siku moja, ulikuwa na miaka kumi hivi, ulikuwa unapita na madaftari, akakunyooshea mkono juu ya ua akakuita, nawe ukamjibu kwa yale maneno yangu mwenyewe, "Mimi si mtoto wako." Mimi nilikuwa naanika mahindi. Niliona mkono wake ukirudi nyuma, polepole, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto akaona haya kupiga kelele. Ningeweza kukuita nikuambie siku hiyo. Nilikuuliza kama umekula.

Mwanangu, sijui mengi. Darasa la tano ndilo lilinitosha. Lakini hili nalijua kwa sababu limenila: hofu ilinifanya niwe mtu mbaya kwa mtu mzuri, na wakati wote huo nilidhani nakulinda. Ingekuwa hasira, ningejishtukia. Hofu sikuishtukia, kwa sababu nilikuwa nikiiita upendo. Bado mpaka leo, ukikohoa nahesabu. Ile siku boda boda ilikuangusha ukaumia goti, nilihesabu. Hata Lodwar, nilipoona barua yako ya kazi, kila mtu anapiga vigelegele, mimi nilisema moyoni, ni mbali hivyo kwa sababu niligeuka.

Baada ya yale maneno yako ya Jumapili sikulala vizuri. Jumanne uliposhinda Machakos kwa mambo ya kazi, nilivuka ua nikaenda kwa Kalunde. Nilivaa leso mbili kama mtu anayeenda posa. Macho yake yameisha karibu yote, anasuka kwa kugusa. Aliposikia miguu yangu akasema, "Huyo ni Mama Faith. Umekuja kuomba chumvi ama moto?"

Nikasema, "Nimekuja kuomba msamaha."

"Aa! Hiyo imekaa muda. Wacha nione kama haijaoza."

Sikujua nicheke ama nilie. Akaniambia niingie ndani, nyuma ya mlango, nilete kitu kinachoning'inia. Kilikuwa kile kiondo chako cha mistari miekundu. Hukukitia mkono hata siku moja, mwanangu, na kimechakaa. Amekuwa akiweka mbegu za kunde humo. Nikamwambia yote, nikamwambia unataka kulitoa jina. Nilitegemea aumie. Akasema, "Jina nililitoa mimi kinywani mwangu, na yeye ni mtu mzima, akitaka alitue. Lakini ajue anatua nini. Umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Basi wewe ndiye unataka kulitoa. Yeye ametumwa tu."

Kisha akaniuliza, "Ijumaa nani atamtoa kwenye boma?" Hapo nikakumbuka kitu ambacho susu alisema na mimi nikakizika pamoja na hayo mengine. Mtoto aliyeokotwa akienda mbali, kuolewa au kazi ya nchi nyingine, hatolewi na aliyemlea. Hutolewa na yule aliyemwokota. Anamchukua chini ya mti uleule, anamtembeza mpaka njia kuu. Na mama hukaa jikoni, mlango umefungwa. Hatazami.

Nilimwambia, "Mimi nimeokoka." Akasema, "Na mimi ni Mkatoliki. Nani amekuambia uabudu mti? Nimesema nataka kumsindikiza mtoto wangu."

Basi. Ndiyo kitu chenyewe. Kesho saa kumi na moja alfajiri Kalunde atakuwa chini ya mukau. Mjukuu wake atamleta mpaka hapo, kisha atamwachia. Nimeomba juu ya jambo hili mpaka magoti yanauma, na sijui kama ni kosa, kweli sijui. Nilichopata tu ni kwamba sikuona ubaya wowote katika mama mzee kukushika mkono mpaka barabarani. Lakini sikulazimishi. Ukisoma hii na ukaona hutaki, mimi nitakusindikiza na mkoba wako kama tulivyopanga, na nitaenda mwenyewe kumwambia, na hilo nitalibeba mimi. Na ukienda naye, akisema "mtoto wangu", usimwambie kitu. Mpe mkono tu. Shika ule aliokunyooshea juu ya ua.

Jina ni lako. Ukifika huko ukilitoa, nitasema Faith, na sitakununia. Ila unajua vile ule mti hufanya. Wakati wa kiangazi unakauka, unasimama uchi mpaka baba yako anasema umekufa, tuukate tupate mlango. Na mara nyingi kabla ya tone moja la mvua kuanguka, wakati kila kitu bado ni kijivu, unauona umetoa majani, na mbuzi wanasimama chini wakiangalia juu. Mara ngapi baba yako ametaka kuukata? Na mara ngapi mmeshangaa kwa nini nilikuwa mkali namna ile, na jikoni kwetu mlango ni wa mabati mpaka leo? Nilikuwa nimeikana ile desturi, sikuwa na sababu ya kumpa. Sasa mnaweza kuwa nayo.

Wenzako walikuita Mbao kwa sababu mbao ndiyo wameona. Mti wenyewe hawajauona.

Nasikia mbwa, sijui kama ni wewe ama ni Kioko na chumvi. Hii barua nitaiweka ndani ya kiatu chako cheupe cha kazi, cha kushoto, kwa sababu viatu bado hujavipakia na utavipakia leo ukimaliza kula. Nimefikiria, je, asipoangalia ndani? Ataangalia. Na asipoangalia? Basi nitakuuliza kama umejaribu viatu, mara tatu, mara nne, na utakasirika, na utaangalia.

Kesho ukitoka hutaniona. Tutaagana ndani, nitakushika, halafu nitaingia jikoni nifunge. Usidhani nimekasirika na usiite, tafadhali, ukiita sitaweza. Nataka safari hii nifike jikoni bila kugeuka. Nilikosa kwa hatua hamsini ulipokuwa na siku nne, na nimekaa miaka ishirini na tatu nikingoja nijaribu tena.

Ule mlango wa mabati uko na tundu la msumari, upande wa boma. Ukiweka jicho hapo unauona mukau wote, mpaka chini. Leo asubuhi nimeliziba kwa kipande cha sabuni. Nimekikandamiza kwa nguvu kabisa.

Lakini ni sabuni tu, Mukau, na kidole changu nakijua.

Ni mimi mama yako, niliyekutupa mara moja tu, na hata hiyo mara moja sikuweza.

Mama Mukau